Aliyefunga Tanuri Hajafika

Siku mume wangu alipofungua tanuri likiwa la moto, mimi nilikuwa stoo napokea mitungi ya gesi. Nilisikia kelele nikadhani wanafunzi wanacheza. Nilipofika maabara nilikuta mdomo wa bomba la tanuri uko wazi, kaboni ndani inawaka nyekundu kama jiko la mkaa, na yeye amesimama mbele yake, nyusi za upande mmoja zimeungua, anaitazama kama mtu anayeota moto.

"Mzee, rudi nyuma!" Nilimvuta kwa kola ya koti.

"Kwani kuna nini?" akauliza.

Kilichobaki kwenye kisahani kilikuwa majivu ya kijivu. Ilikuwa kazi ya muhula mzima ya mwanafunzi mmoja wa kike. Yule binti alitoka akaenda kukaa kwenye ngazi.

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana asiyeijua atadhani ni unga tu ulioungua. Tunachukua maganda ya karanga, tunayachoma bila hewa mpaka yawe mkaa, tunausaga. Unga huo tunauchanganya na potashi kali, ambayo kazi yake ni kuula mkaa kutoka ndani na kuuachia vitundu vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Tunaongeza urea, ile ile ya shambani, ili mkaa ubakiwe na nitrojeni kidogo ndani yake. Hiyo inausaidia umeme kuingia kwa wepesi. Halafu mchanganyiko unaingia kwenye bomba la tanuri na kuokwa huku gesi ya nitrojeni ikipita juu yake, hewa isiuguse. Kinachotoka ukikiosha ni unga mweusi, mwepesi. Vitundu vya kijiko kimoja, kama ungeweza kuvikunjua vyote na kuvitandika, vingefunika kiwanja cha netiboli na vikabaki. Humo ndimo umeme unamojibanza. Unapaka unga huo kwenye vibati viwili, unapata kapasita, kifaa cha kutunza umeme, inayojaa chaji kwa muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Lakini bomba likifunguliwa kabla halijapoa, hewa inaingia, na hapo huna kaboni tena. Na potashi ikiwa na hasira zake, unaweza usiwe na uso.

Mume wangu ndiye aliyeanzisha maabara ile. Wanafunzi walimwita Mwalimu Masizi, kwanza kwa kumteta, baadaye mbele yake, na mwisho akaanza kujiita hivyo mwenyewe. Mimi waliniita Mama Stoo. Nina diploma ya maabara, nimetunza kemikali na gesi za chuo kile tangu nikiwa na kiuno. Binti yetu alisomea mikononi mwa baba yake, akaenda mbali, akarudi na udaktari, na Masizi alipostaafu akamrithi kiti. Baba akabaki na ufunguo na meza pale pembeni ya tanuri. Kila mtu aliona ni haki.

Na maabara ilikuwa na sheria moja kuliko zote, ya Masizi mwenyewe: aliyefunga bomba ndiye anayefungua. Si rafiki yake, si mkubwa wake. Aliyefunga ndiye anayejua ameweka nini mle ndani, kiasi gani, na moto umezimwa lini. Wanafunzi walikuwa wakitaniana nayo. Mtu akimpenda msichana mwenye mchumba, wenzake wanamwambia, hilo bomba hukulifunga wewe.

Sasa mwenye sheria alikuwa amefungua bomba la mtu.

Haikutushangaza sana nyumbani. Daktari wa hospitali alikuwa ametueleza ugonjwa wenyewe mwaka uliotangulia. Jina lake silipendi, sina haja ya kulirudia. Alisema utaanza kwa kumfutia vitu vya juzi, kisha utashuka taratibu kwenye vya zamani, na akasema pia kazi ndiyo inayomshikilia, msimtoe kazini haraka. Hilo nililiona kwa macho yangu. Chuo kilipofunga, mume wangu alianza kuita kijiko "ile ya kuchotea" na kunisalimia mara mbili asubuhi moja. Chuo kikafungua, akarudi kwenye tanuri lake, na kijiko kikawa kijiko tena.

Binti yetu alinifuata stoo baada ya moto ule, akafunga mlango.

"Mama, nimeitwa juu. Wanataka baba arudishe ufunguo."

"Wamwambie."

"Wamesema nimwambie mimi."

"Basi mwambie."

"Siwezi." Alianza kukizungusha kifungo cha koti lake, kama alivyokuwa akifanya akiwa darasa la pili. "Nimewaomba, mama. Wamekubali afanye kaboni moja. Kuanzia kusaga mpaka kufungua bomba, peke yake, bila kukumbushwa. Akifanya sawasawa anabaki, wewe ukiwa karibu. Akikosea, anarudisha."

"Na msimamizi?"

"Wewe."

"Mimi ni mke wake!"

"Niliwaambia. Wakasema huna huruma na mtu, watakuamini."

Nilitaka kukasirika, nikageukia mitungi yangu.

Jioni ile nilimwambia mezani. Mimi siwezi kuzungusha maneno. Nilisema, "Ulifungua bomba la mtu likiwa la moto. Utafanya kaboni moja peke yako. Ukikosea, unarudisha ufunguo."

Alitafuna, akameza. "Nilifungua bomba la mtu?"

"Ndiyo."

"La nani?"

Nikamwambia. Aliweka mkate chini, akajishika zile nyusi zilizoungua. Sikuwahi kumwona na aibu namna ile, hata siku aliyomwangukia mkuu wa chuo na trei ya asidi. Ile ilikuwa asidi hafifu, lakini suruali ya mkuu haikulijua hilo.

Kisha akauliza, "Mtihani katunga nani?"

"Binti yako."

"Basi mgumu. Nilimfundisha mimi." Akacheka kidogo. "Na wewe, Stoo, unataka nifaulu?"

"Usiniulize maswali ya kijinga. Kula."

Nilitaka afaulu kuliko kitu chochote. Nilijua nitakachobaki nacho nyumbani akifeli.

Siku ya kazi alivaa koti lililopigwa pasi. Binti yetu alikaa ofisini kwake, mlango wazi, akijifanya anasoma. Wanafunzi walitafuta sababu za kupita koridoni. Mimi nilivuta stuli, nikakunja mikono, nikafunga mdomo, na kwa mimi hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote.

Alisaga. Hakutumia mashine, alitumia kinu kidogo cha kauri, kwa sababu alisema mashine haina masikio. Ni kweli, mkaa ukisagika vizuri sauti inabadilika, inakuwa kama mtu anayetembea kwenye mchanga laini. Alichekecha, akarudisha chenga, akasaga tena. Alipofika kwenye potashi alifungua mkebe, akachota, akafunika, yote kwa mkupuo mmoja, maana potashi ikiachwa wazi hutoa jasho na kipimo kinadanganya. Aliipima, akaimimina, akaendelea na mambo yake. Mikono ilikuwa ile ile ya zamani. Nilijikuta naitazama ile mikono kama msichana.

"Unanikodolea macho, Stoo," alisema bila kugeuka. "Tuko kazini."

"Fanya kazi, mzee."

Alipima urea, akaimimina, akachanganya. Akaenda kunawa mikono. Aliporudi, akafungua tena mkebe wa urea.

Kijiko kilikuwa tayari juu ya mizani. Akasimama. Akatazama bakuli, akatazama mkebe, akanigeukia.

"Nimeshaweka?"

Nilitazama dirisha. Uso wangu hauwezi kutunza siri hata ya keki, kwa hiyo niliugeuza wote.

"Ah, hutakiwi kusema," akasema. "Sawa. Nyamaza hivyo hivyo."

Nilisikia kijiko kikirudi mkebeni. Kisha nikasikia bakuli likiwekwa juu ya mizani. Alilipima zima, akatoa uzito wa bakuli tupu, ambao ulikuwa umeandikwa kwa rangi chini yake, akatoa mkaa, akatoa potashi, kwa vipimo vya siku zote alivyovijua kwa moyo. Kilichobaki kilikuwa urea. Alisoma namba ile kwa sauti, na nilipogeuka alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

"Imo! Iko ndani! Mizani haisahau, Stoo."

Ofisini kwa binti yetu kitu kilianguka. Nadhani ni kile kitabu alichojifanya anasoma.

Alijaza kisahani cha nikeli, akakisukuma katikati ya bomba kwa fimbo, akafunga mdomo, akakaza parafujo kwa kuvuka, juu na chini, kulia na kushoto. Alifungua gesi, akainama kwenye chupa ya maji upande wa pili, akasubiri mapovu. Yalikuja moja moja, yakatulia kwenye mwendo wao. Aliiacha gesi ipite mpaka aridhike kwamba hewa yote imetoka, ndipo akawasha moto. Hakukosea kitu. Nilikuwa natafuta kosa kama mtu anayetafuta chawa, na sikulipata.

Tanuri lile likishapangwa hujizima lenyewe, gesi ikiendelea kupita, na linapoa taratibu mpaka kesho yake. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Alipiga mluzi njia nzima. Binti yetu alinipigia simu tukiwa bado barabarani.

"Mama, amefaulu, si ndiyo?"

"Bado kufungua."

"Kufungua ni nini? Tanuri litakuwa baridi. Anafungua tu."

"Bado kufungua," nikasema tena. Lakini na mimi moyoni nilikuwa nimeshasherehekea. Niliongeza sukari kwenye chai yangu, mimi niliyeacha sukari.

Asubuhi tulikuta watu wamejaa. Binti yetu alikuwa amepaka rangi ya mdomo. Hata yule mwanafunzi aliyeunguliwa kazi yake alikuja, akasimama karibu na mlango, na nilimheshimu kwa hilo. Tanuri lilikuwa baridi. Namba yake ya joto ilisoma sawa na ya chumba. Mapovu yalikuwa bado yanapanda kwenye chupa.

Masizi aliingia, akasalimia kila mtu, akavuta stuli yake mbele ya tanuri, akakaa. Akaweka mikono juu ya magoti.

Tukasubiri. Alikuwa anasubiri na yeye.

"Baba," binti yetu akasema, "limepoa."

"Naona."

"Fungua basi."

Alimtazama kama amemwambia aibe. "Nifungue? Aliyefunga hajafika."

Kuna mwanafunzi mmoja aliyecheka, akidhani ni mzaha. Na mimi kwa kitambo kidogo nilidhani hivyo. Alikuwa mtu wa mizaha.

"Aliyefunga nani, baba?"

"Mimi nitajuaje? Nimekuta limefungwa." Aliinama akachungulia mdomo wa bomba, akagusa parafujo moja baada ya nyingine. "Lakini ni mtu anayejua kazi. Angalia alivyokaza, kwa kuvuka. Njoo uone mapovu haya. Ninyi wote hapa hakuna anayeweza kuweka gesi ikatulia namna hii." Aligeuka akawatazama wanafunzi. "Ni nani kati yenu? Asione haya. Nimpongeze."

Hakuna aliyecheka tena.

Binti yetu alipiga hatua moja. "Baba, acha nifungue mimi." Alinyoosha mkono kwenye parafujo, na baba yake akaupiga ule mkono. Kofi dogo, kama la kumzuia mtoto anayegusa sufuria ya moto. Lakini lilisikika.

"Nilikufundisha nini? Mtu ameacha kazi yake hapa akaamini haitaguswa. Mimi niliwahi kufungua la mtu. Najua kilichotokea. Sifungui tena la mtu, na wewe hufungui mbele yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kuoka kwake kwa jana, kusaga, mizani, ule ushindi wa urea, vyote vilikuwa vimefutika. Aibu ndiyo iliyokuwa imebaki. Katika vyote vya wiki ile, kichwa chake kilichagua kutunza hiyo.

Binti yetu alikuwa ameushika mkono wake uliopigwa. Hakuwa akilia kwa kofi. Alinitazama, na nilijua anachoniomba: mama, sema wewe.

Nilimwendea mume wangu, nikachuchumaa mbele ya stuli, magoti yangu yakalalamika. Sikuwahi kumdanganya katika ndoa yetu, na sikuona kwa nini nianze mbele ya watu wote wale.

"Ulifunga wewe," nikamwambia. "Jana. Nilikuwa nimekaa pale. Ulisaga kwa kinu, ukapima, ukafunga. Hilo bomba ni lako."

"Mimi?"

"Wewe."

Alinitazama usoni muda mrefu. Uso wangu, kama nilivyosema, hauwezi kutunza siri. Safari hii niliuacha usomwe. Kisha akatazama mikono yake, akaigeuza. Kwenye kucha kulikuwa na weusi wa mkaa. Aliuchokoa kidogo kwa kidole gumba.

"Kumbe ni mimi," akasema polepole. Nilidhani atainuka afungue. Binti yetu alidhani hivyo pia. Angefungua, angefaulu. Nani angemnyima? Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi, na ningesema amefaulu, nathubutu kusema ningesema hivyo.

"Ndani nimeweka nini?" akaniuliza.

"Mkaa wa karanga, potashi, urea."

"Hayo ni yako, umenihadithia. Mimi nauliza kama najua." Akatikisa kichwa. "Sijui. Siwezi kujua. Basi siyo mimi wa kufungua, Stoo. Mtu asiyejua ameweka nini hafungui. Sheria haisemi mwenye mikono. Inasema anayejua."

"Mzee, tumeshakuambia. Limepoa. Fungua tu."

"Hapana." Alisema kwa upole sana. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatafuta, akatoa ufunguo wenye kipande cha plasta nyekundu alichokizungusha mwenyewe ili asiuchanganye na wa nyumbani. Aliuweka kwenye kiganja cha binti yetu, cha mkono ule ule alioupiga, akakifunga vidole.

"Samahani kwa mkono," akamwambia.

"Baba, hujakosea. Mama, mwambie hajakosea!"

Na kweli hakuwa amekosea. Kuanzia kusaga mpaka kukataa kufungua hakukosea kitu hata kimoja. Nilifungua mdomo kusema hivyo, halafu nikaona ameshasimama, anavua koti, analikunja vizuri mikono ndani. Nikamshika mkono tukatoka. Yule mwanafunzi wa mlangoni alimpisha, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Akajibu "Marahaba, mwanangu," na akaendelea kutembea, na hakumjua kabisa ni nani.

Kaboni ilikuwa nzuri. Binti yetu alilifungua bomba baada ya sisi kuondoka, akaiosha mwenyewe kwa asidi hafifu na maji, akarudia mpaka karatasi ya kupimia ikaacha kubadilika rangi, akaikausha, akatengeneza vibati, akapima. Alinipigia siku chache baadaye. Alisema inashika chaji kuliko zote walizowahi kuoka pale, na inairudisha bila kuchoka. Alisema ataandika jina la baba yake mbele. Nilimwambia aandike, ni sawa.

Nyumbani, siku ya kwanza, aliamka mapema, akanyoa, akaja jikoni amevaa viatu.

"Twende?"

"Leo hakuna kazi."

"Kesho?"

"Kesho pia hakuna."

Alifikiri. Alikaa mezani akaanza kuvuta uzi kwenye kitambaa cha meza, akauvuta, akauvuta, mpaka nikaona kitambaa chote kitafumuka. Nilichukua maharage yote niliyokuwa nayo ndani, nikamwaga kwenye ungo, nikamsukumia.

"Nichambulie."

Alivuta ungo karibu na dirisha. Alitoa mawe, akatoa mabovu. Kisha akaanza kupanga, makubwa huku, ya kati huku, madogo huku, kama anayechekecha. Nilipika, nikafagia, nikafua soksi zake. Kila nilipogeuka mikono ile ilikuwa inafanya kazi bila papara, bila kosa, na yeye ametulia, karibu apige mluzi.

Alimaliza kabla jua halijafika dirishani. Alinisogezea mafungu matatu safi, akajipangusa mikono, akanitazama akingoja nimpe kingine.

Nilivaa kandambili nikaenda dukani kununua maharage.